Mama Alale Pakavu

Chang'ombe, Dodoma
10 Novemba 2024

Kwa mama mdogo Loisi,

Shikamoo. Kabla hujasoma zaidi, mshikie mama mkono wake mzima umwambie Lydia anamwamkia. Subiri mpaka akubane vidole, ndiyo uendelee.

Huku tuko salama. Jordan ameanza kujigeuza. Juzi alijigeuza akadondoka kitandani, akalia, kisha akaniona na mimi nalia, akacheka. Baba yake bado yuko kwenye kazi ya reli huko Tabora. Anasema ikiisha atarudi, nami simwulizi sana. Ningependa kukuambia haya kwa sauti, lakini masikio yako yaliyochukuliwa na homa ya utotoni hayajui simu, na maandishi ya kwenye simu ulisema ni njia ya sisimizi. Basi naandika makubwa. Sila wa kijijini kwetu akimaliza kuuza vitunguu pale soko la Majengo atakuletea.

Sasa jambo lenyewe. Nimepata kibarua, mama mdogo. Ni kiwanda huku upande wa Ihumwa, kinatengeneza plastiki ya kuwekwa nje ya pampasi za watoto na mashuka ya wagonjwa. Maji hayapiti, lakini wanasema jasho linapita. Mimi bado sijaelewa linapitaje, ila kazi yangu ni kukata kingo na kufunga marobota, hainihitaji kuelewa. Jordan namwachia dada Zahida, mwenye duka hapa jirani. Anampenda, anamfunga mgongoni huku anapima sukari.

Siku ya kwanza niliposikia "mashuka ya wagonjwa" nilimkumbuka mama. Nikakumbuka godoro linavyolowa, na ile nailoni ya mfuko wa mbolea uliyomtandikia, inavyompiga kelele akisogea na kumchubua ngozi. Tangu kiharusi kimlaze nakuona wewe unamgeuza peke yako kama gunia, na mgongo wako nao si wa chuma. Mimi mwanaye wa pekee niko huku nakata plastiki ya wagonjwa wa watu.

Basi vipande vilivyoharibika tunaruhusiwa kuchukua, mlinzi Mazengo anakagua getini tu. Kulikuwa na malundo mawili, moja jembamba jeupe kama kitambaa cha leso, lingine nene, imara, lina mng'ao. Nikachagua lile nene. Kwa mama nimpe chembamba kwa nini? Nimeikunja vizuri, mtandikie. Nataka mama alale pakavu, mgongo upone, nikija na Jordan amkute amekaa, hata kama ni kwa kuegemezwa ukutani. Hajamwona bado mjukuu wake, ana picha tu.

Ni mimi mwanao,
Lydia


Kibakwe
1 Desemba 2024

Lydia mwanangu,

Marahaba. Mbukwa, kwa salamu yetu ya Kigogo. Mama yako amenibana vidole mpaka nikamwambia inatosha, mimi si ngoma. Alicheka na ule upande wake mmoja.

Mvua imeanza mapema huku milimani. Njia ya kuja barabarani ni utelezi, pikipiki zinasukumwa. Mbuzi wa jirani wameingia kwenye vitunguu vyangu, nikawatukana kwa nguvu nisiyoisikia mwenyewe. Watu wanasema ilifika mpaka kanisani.

Plastiki imefika. Nimemtandikia siku hiyohiyo. Ni nene kweli, sijawahi kuona nailoni kama hiyo, haipigi kelele na godoro limekauka. Mama yako anaipapasa kwa mkono wake mzima, anajua imetoka kwako. Ila ana joto, asubuhi namkuta mgongo umelowa jasho. Nadhani ni fukuto la mvua. Kile kidonda cha kiunoni nakiosha kwa maji ya chumvi. Usikiwaze.

Wewe nyonyesha. Kunywa uji wa uwele, acha hayo machai matupu ya mjini. Mwenye mtoto kifuani hapewi mzigo wa moyo, maziwa yanakimbia. Bibi yako aliletewa habari ya kifo cha kaka yake mimi nikiwa nanyonya, na kesho yake kifua kilikuwa kama cha mwanamume. Nikakuzwa na mbuzi. Ndiyo maana huenda nina kichwa kigumu.

Hapa chini ni kidole cha mama yako. Nimekipaka masizi ya sufuria. Amekikandamiza mwenyewe, sikumsaidia.

Loisi


Chang'ombe
22 Desemba 2024

Mama mdogo mpendwa,

Shikamoo, na heri ya Krismasi kama barua hii itawahi. Jordan hajambo, ana jino moja linalochungulia. Kidole cha mama nimekibandika ukutani juu ya kitanda, Jordan anakinyooshea mkono kila asubuhi.

Tafadhali fanya hili kwanza kabla hujamaliza kusoma. Nenda ukaitoe ile plastiki niliyotuma. Itoe sasa hivi, hata kama mama amelala.

Nimekosea. Nilikuwa nakata kingo juzi, nikamwambia Elisante, mwenzangu wa mezani, kwamba mama yangu analalia plastiki yetu. Akaanza utani wake: "Nyinyi Wagogo na plastiki inayopitisha jasho! Kesho mtawavalisha ng'ombe." Nikamwambia, "Na nyinyi wa Moshi mtaiuza kabla haijatoka mashineni." Tukacheka. Bwana Dharmesh, fundi mkuu, alikuwa anapita. Akauliza, "Umempa mama ipi?" Nikamwonyesha lundo. Tabasamu likatoweka usoni mwake.

"Mama Jordan, hiyo bado. Hiyo haijavutwa."

Akanishika mkono akanipeleka mwanzo wa mashine, mahali sijawahi kufika. Nikueleze kama alivyonieleza. Plastiki inakuja ikiwa punje kama mchele. Wanaichanganya na unga wa mawe meupe, laini kuliko unga wa sembe. Inayeyushwa pamoja, inatoka kwenye mdomo mpana ikiwa shuka, inapozwa. Hapo ni nene, ina mng'ao, nzuri kwa macho. Lakini imeziba kama ndoo. Halafu inapita kwenye rola mbili, ya mbele inazunguka kwa kasi kuliko ya nyuma, kwa hiyo inavutwa. Plastiki inakubali kuvutwa, punje za mawe hazikubali. Pembeni ya kila punje plastiki inaachia kidogo, panabaki kitundu. Ni vitundu vingi ambavyo jicho haliwezi kuviona. Hapo ndipo inageuka nyeupe na nyembamba. Tone la maji ni kubwa, haliwezi kupenya. Mvuke wa jasho unapenya.

Akachukua glasi ya maji ya moto, akaifunika kwa ile nene, akaweka glasi baridi juu yake, mdomo chini. Tukangoja. Glasi ya juu ikabaki kavu. Akafanya hivyo kwa ile nyembamba, glasi ya juu ikaingia ukungu wote. "Unaona? Ile ya kwanza mgonjwa anachemka ndani yake," akasema. Kisha akaona uso wangu, akaongeza, "Kwa siku chache si kitu."

Mama mdogo, si siku chache. Mimi niliiona nene nikafikiri ndiyo upendo. Nimekumbuka ulivyoandika kuhusu mgongo kulowa, nikatoka nje kwenye marobota nikakaa.

Natuma nyembamba. Nimeijaribu mwenyewe kwenye kikombe cha chai, ukungu ulipanda. Mtandikie hii, upande wenye alama ya kalamu uwe chini. Ningekuja mwenyewe, lakini kibarua akikosa siku moja nafasi yake inachukuliwa na aliyesimama getini, na wanasema korongo la njia ya kwenu limejaa. Niandikie kidonda kikoje. Usinifiche. Maziwa yapo, usiwe na wasiwasi na hilo.

Lydia


Chang'ombe
19 Januari 2025

Mama mdogo,

Shikamoo. Natumai barua yangu ya kabla ya Krismasi ilifika, maana sijapata jibu. Najisemea ni korongo.

Jordan ana meno mawili. Anamwita dada Zahida "dada", mimi bado hajaniita kitu.

Nilimwona Sila sokoni. Nilimkimbilia, nikamuuliza, "Mama anaendeleaje?" Akasema, "Mama mdogo wako atakuandikia." Nikasema, "Nimekuuliza mama." Akaanza kuvipanga upya vitunguu vilivyokuwa vimepangwa tayari. Nilimnunulia soda hakuinywa, alisema ana haraka, na gari lake lilikuwa bado linapakia. Sasa nikimpigia hapokei.

Andika neno moja tu, mama mdogo. Hata "nyembamba imefika".

Lydia


Kibakwe
9 Februari 2025

Lydia,

Marahaba mwanangu. Usione kimya. Mvua ya mwaka huu imetukalia. Ukuta wa jiko umeanguka upande mmoja, na vitunguu vimeoza vingi shambani. Mchungaji alikuja na vijana wakaniinulia ukuta. Mimi mzima, mgongo tu.

Nyembamba imefika. Ile nene niliitoa, usiwe nayo tena rohoni. Mama yako analala pakavu. Halalamiki.

Usije kwa sasa. Njia ni mbaya na kuna mafua ya watoto hapa, ya kuchukua pumzi. Usimlete Jordan. Ngoja mvua ikatike. Nyonyesha mtoto, huyo ndiye kazi yako. Sila msamehe, ana mambo yake.

Loisi


Chang'ombe
2 Machi 2025

Mama mdogo Loisi,

Shikamoo. Jibu lako nimelisoma hadi likachakaa mikunjoni. Asante. Nilipofika kwenye "analala pakavu" nilimwinua Jordan nikamzungusha mpaka dada Zahida akasema nitamtapisha.

Kazi inaendelea. Sasa bwana Dharmesh ananiweka karibu na rola za kuvuta, niangalie kama shuka inapasuka. Ikivutwa kidogo mno inaziba, ikivutwa kupita kiasi inatoboka na maji yanapita. Nafikiri sana nikisimama pale. Nafikiri kila mtu anavutwa hivyo.

Pasaka kiwanda kinafungwa siku mbili. Nitakuja. Nimeshamwambia mama kwamba Jordan atakalia mapaja yake, nimemwambia kwa kile kidole cha ukutani.

Ila kuna kitu, mama mdogo. Barua yako haikuwa na kidole. Niligeuza karatasi nyuma na mbele. Labda masizi yaliisha jikoni ukuta ulipoanguka. Na mimi nilikuomba uniambie kidonda kikoje, ukaniambia vitunguu. Safari hii nitumie kidole chake. Hata kama amechoka, kiguse tu karatasi.

Wako,
Lydia


Kibakwe
30 Machi 2025

Lydia mwanangu,

Kaa chini. Mpe Zahida mtoto amshike.

Siwezi kukutumia kidole. Mama yako hayupo. Alitutoka kabla ya Krismasi, mchana, nikiwa nimetoka kumwosha uso. Alinibana vidole, nikadhani ananitania kama kawaida, nami nikambana. Halafu nikawa nabana peke yangu. Mganga wa zahanati alisema ni kifua.

Najua utauliza kwa nini sikukuita. Una mtoto kifuani. Nilimuuliza mchungaji, akasema mwambie. Nikawauliza wanawake wenzangu, wakasema ngoja mtoto ale ugali kwanza. Niliwasikiliza wanawake. Sila nilimwapisha kwa Biblia, maskini, alilia kuliko mimi.

Siku ya kuzika mvua haikutupa nafasi. Kaburi lilikuwa linaingia maji kutoka chini, vijana wanachota kwa ndoo na linarudi. Hapo Sila akashuka na furushi lako. Nikasoma barua yako pale pale chini ya mwavuli wa mtu, watu wamesimama. Nikafika kwenye maji kutopenya na mvuke kupenya. Nikaifungua hiyo nyembamba, tukaitandaza juu ya jeneza, tukaikunja kwa pembeni kama unavyomfunika mtu aliyelala. Kuna walionong'ona kwamba Loisi sasa anazika kwa plastiki. Wanong'one, mimi siwasikii. Kwa hiyo nilipokuandikia kwamba analala pakavu, hilo sikudanganya.

Nilichokudanganya ni kingine, nacho nakitoa leo. Ile nene sikuitandika hata mara moja. Nilikuandikia nimeitandika ili usijisikie vibaya. Mama yako aliikataa. Nilipomfungulia aliishika kwa mkono wake mzima akaikumbatia, akatikisa kichwa, akanyooshea kidole picha ya Jordan. Ni ya mjukuu. Unamjua mama yako, hata kanga mpya huziweka sandukuni mpaka zinatobolewa na mende. Ikakaa chini ya mto wake siku zote. Kwa hiyo jasho lile lilikuwa la homa. Si lako. Usilibebe.

Nakurudishia uione mwenyewe, iko hivyohivyo. Mtunzie Jordan.

Lia, kisha umnyonyeshe mtoto.

Mama yako mdogo, na sasa mama yako,
Loisi


Chang'ombe
13 Aprili 2025

Shikamoo mama,

Neno "mdogo" nimeliondoa. Naona halina kazi tena.

Barua niliisomea dukani kwa dada Zahida. Alifunga duka mchana kweupe, wateja wanagonga, akakaa nami sakafuni kati ya magunia ya mchele. Jordan alikuwa anapanda juu yangu na kushuka, kama mimi ni kilima. Bwana Dharmesh aliposikia alimtuma Elisante aniletee rambirambi za wenzangu, na Elisante hakuleta utani wowote. Ndipo nikajua ni kweli.

Nina jambo la kukuambia nami, maana umenitolea lako. Maziwa uliyokuwa unayalinda hayakuwepo. Yalikata mapema, nilipoanza tu kazi. Mchana yalikuwa yananijaa, nayakamua chooni na kuyamwaga, jioni Jordan anavuta na kulia. Yakapungua, mwishowe yakaisha. Nilikuficha kwa sababu ungeniambia niache kazi nirudi, na kazi ndiyo ilikuwa inamtafutia mama pa kulala. Jordan alilelewa kwa uji wa dada Zahida na maziwa ya pakiti. Umenyamaza kipindi chote kile, umezika dada yako bila mimi, ukibeba kibuyu kwa mikono miwili kisimwagike, kumbe kitupu. Nisamehe. Nami nimekusamehe, kama kuna cha kusamehe.

Furushi limefika. Ile nene imekunjwa kwa mikunjo yako, kona juu ya kona. Niliifungua kitandani. Inanukia sabuni ya mche, ile ya bluu unayofulia. Inanukia mpaka ndani kwenye mikunjo.

Kitu kisichotandikwa hakifuliwi, mama. Nimejua ulivyoisugua, na ulisugua ukiwa na mgongo ule. Nimeikunja tena vilevile kama ulivyoikunja, nimeiweka sandukuni. Nikiulizwa nitasema bibi yake Jordan alimwekea, ikakaa chini ya mto. Nitasema hivyo kila mara. Sitakuuliza, nawe usinijibu.

Pasaka tunakuja, njia iwe mbaya au nzuri. Utanipeleka pale mama alipo. Nakuja na nyembamba nyingine, ya kitanda chako, maana najua paa la upande wako linavuja na hutasema. Nimeijaribu kwenye kikombe. Nimeirudia na kuirudia, nikakaa kuangalia ukungu unapanda.

Hapa chini ni kidole cha Jordan. Nimekipaka masizi ya sufuria. Hakutulia, amechafua karatasi yote na shati langu, lakini kidole kipo, ukitazama vizuri utakiona.

Mwanao,
Lydia